Tiba ya jeni zinazohimili dawa

Ni njia ya kuzikinga seli shina za damu dhidi ya dawa kali za saratani. Dawa hizo hushambulia uvimbe na uboho pamoja, mgonjwa akaishiwa damu na kinga. Seli shina zake hutolewa, huingiziwa jeni kwa virusi visivyoweza kuzaliana, kisha hurudishwa. Jeni ya MDR1 huunda pampu inayosukuma dawa nje ya seli. MGMT iliyobadilishwa, P140K, hurekebisha DNA inayoharibiwa na temozolomaidi. Kila dozi huua seli zisizokingwa na kuziachia nafasi zilizokingwa. Kwa magonjwa ya damu hilo ndilo jambo kubwa: jeni ya kuponya ikifungamanishwa na MGMT, dawa yenyewe huipalilia. Katika Kituo cha Fred Hutchinson, Seattle, Jennifer Adair na Hans-Peter Kiem waliijaribu P140K kwa wagonjwa wa saratani ya ubongo, na matokeo yakachapishwa 2014.

Selimundu ni mojawapo ya magonjwa hayo ya damu. Huko Mathare, Nairobi, zinaishi familia nyingi zenye asili ya Nyanza na Magharibi, ambako malaria imeieneza jeni ya selimundu. Tegemeo la wagonjwa wao ni haidroksiyurea, asidi ya foliki na kuongezewa damu. Tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, huhariri jeni bila kutumia MGMT, lakini hutanguliwa na dawa kali ya busulfani hospitalini na bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Kwa bei hiyo, kuiita tiba ya selimundu mbele ya mzazi wa Mathare ni karibu dhihaka.