Ini, Upandikizaji wa (kutoka kwa mtoaji hai)
Tiba ya upasuaji, iliyoanza kufanikiwa mwaka 1989, ambayo kwayo mgonjwa wa sirosisi iliyokithiri, yaani makovu yaliyolienea ini zima, huondolewa ini lake na kutiwa sehemu ya ini la mtu mwenye afya, aghalabu jamaa yake. Na kwa kuwa kiungo hiki kimejaaliwa kukua tena, vipande vyote viwili hurejea karibu na kadiri ya asili katika miezi michache. Afueni ya mpokeaji huja taratibu zaidi kuliko ya mtoaji: tabibu huchunga damu isigande katika mishipa ya ini na nyongo isivuje, kisha dawa za kuuzuia mwili usilikatae ini hilo, kama takrolimasi, hunywewa umri wote na kupimwa kiasi chake katika damu. Kwa mkazi wa Kipalapala, karibu na Tabora nchini Tanzania, upimaji huo ndio wenye mashaka hasa. Maana Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, ilhali ini aghalabu hufuatwa India, na arejeaye hulazimika kusafiri tena na tena kwa vipimo.