Sauti ya Zamani, Maneno Mapya: Wimbo wa Kejeli kutoka Ukambani hadi Runinga

Mchekeshaji wa runinga anayeimba wimbo wa kejeli huegemea wimbo mwingine ambao watazamaji wake wameshaujua. Asiyeujua ule wa kwanza hatacheka. Ataona tu mtu aliyevaa suti kubwa akiimba vibaya. Ndiyo maana historia ya vichekesho vya nyimbo nchini Kenya inapaswa kuanzia mbali na studio za Nairobi, mahali watu wa makabila na vijiji mbalimbali walipofunzwa sauti zilezile. Kwa Ukambani, mojawapo ya mahali hapo ni Ikutha, kusini mwa Kitui, ng'ambo ya mto Athi ukitokea Kibwezi.

Kejeli yenyewe ilikuwapo kabla ya mgeni yeyote. Wakamba walikuwa na myali, nyimbo za ngoma za vijana zilizomtaja mlafi, mwongo, mzee mwenye tamaa na msichana mwenye maringo. Aliyeimbwa katika myali hakuwa na pa kukata rufaa, kwa sababu wimbo ulivuka vilima haraka kuliko yeye. Gerhard Lindblom, msomi wa Uswidi aliyeishi na Wakamba mwanzoni mwa miaka ya 1910, alikusanya nyimbo zao pamoja na methali na vitendawili, na miaka ya 1930 akavichapisha. Hazina hiyo bado inasomeka.

Lakini myali ilikuwa kejeli ya watu wanaojuana. Ili taifa zima licheke pamoja, ilihitajika sauti inayojulikana na taifa zima, na hapo ndipo misheni inapoingia. Walutheri wa Ujerumani walifungua kituo Ikutha mwanzoni mwa miaka ya 1890. Miongoni mwao alikuwa Johannes Hofmann, ambaye picha zake za watu wa huko ni miongoni mwa za kale tulizonazo za Ukambani. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission (AIM) wakaanza kazi Nzaui, katika Makueni ya leo. Vita vya 1914 vilipowaondoa Wajerumani, vituo vyao vya Ukambani vikaingia mikononi mwa AIM. Kote Afrika Mashariki misheni zilifanya jambo moja: zilichukua sauti za Ulaya na kuzivika maneno ya lugha za wenyeji. Kwa ufundi, hiyo ni kazi ileile ya mchekeshaji. Nia tu ndiyo tofauti.

Baada ya kanisa ikaja serikali. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na kwa miaka mingi Sauti ya Kenya, iliyokuja kuitwa KBC mwaka 1989, ilikuwa peke yake hewani. Enzi ya Rais Moi, kwaya za kizalendo ziliimba kila sikukuu, zikarudiwa redioni hadi mtoto wa Mutomo na mtoto wa Kisumu wakazijua kwa moyo. Wakati huohuo vipindi vya Vitimbi na Vioja Mahakamani vilitufundisha kucheka mbele ya kioo. Benson Wanjau, Mkikuyu, aliyefariki Julai 2015, aliigiza Mjaluo Mzee Ojwang' kwa ustadi. Hata hivyo, vipindi hivyo vilikuwa vya shirika la serikali, na kicheko chake kiliishia nyumbani, sokoni na kizimbani. Ikulu haikuguswa.

Waliovuka mpaka huo ni Redykyulass: Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, vijana wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walianza kumwigiza Moi hadharani, Mong'are akiwa na rungu na ile sauti nzito ya kukoroma, kisha wakaingia Nation TV Moi akiwa bado madarakani. Nchi ilishtuka, halafu ikacheka, na baada ya kucheka haikurudi ilivyokuwa. Mimi naamini hiyo ndiyo kazi kubwa zaidi iliyowahi kufanywa na vichekesho vya Kenya.

Ushahidi wa badiliko hilo ulipatikana Uhuru Park tarehe 30 Desemba 2002, Kibaki alipokuwa akiapishwa kuwa rais. Umati uliimba pambio la kanisani lisemalo mambo yote huwezekana kwa imani, isipokuwa mahali pa imani paliwekwa kuondoka kwa Moi. Hakuna aliyehitaji kufundishwa wimbo huo. Sunday school ilikuwa imeshaifanya kazi hiyo, kuanzia Ikutha hadi Kakamega, na ile sauti tamu ya ibada ndiyo iliyoyafanya maneno mapya yachome.

Kuanzia mwaka 2009 vikaragosi vya XYZ Show vya mchora katuni Gado vikaendeleza kejeli ya viongozi kwenye Citizen. Lakini vichekesho vyetu vingi vimerudi kwenye njia rahisi: lafudhi. Mkamba anachekwa kwa kutamka, mara nyingi akiwa bawabu au askari. Myali ilimchoma mtu kwa alilotenda. Lafudhi inamchoma kwa alikozaliwa. Nasema wazi kwamba huko ni kushuka.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Leo ni rahisi kusoma wimbo wa Kikamba wa mwaka 1912 kuliko kupata kipindi kizima cha vichekesho cha mwaka 2000. Kanda za vipindi hivyo ni sehemu ya historia yetu kama zilivyo hotuba za Bunge. Vituo vya televisheni viorodheshe vilivyo navyo na kuvifungulia watafiti. Nanyi wasomaji wa Ikutha, Mutomo na Kibwezi ambao wazee wenu bado wanakumbuka myali, warekodini mwaka huu, mwandike jina la mwimbaji, kijiji na aliyeimbwa, kisha mpeleke nakala katika maktaba ya kaunti.