Mwisho wa reli

Mwisho wa reli ni msemo wa Kiswahili cha Tanzania wenye maana mbili. Kwanza ni jina la utani la mji wa Kigoma. Pili ni kikomo cha jambo: aliyefika mwisho wa reli hana tena pa kuendelea. Waingereza nao wana msemo unaofanana na huu, wenye picha ya njia inapoishia.

Asili

Msemo umezaliwa na Reli ya Kati. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914, umbali wa takriban kilomita 1,250. Mbele yake ni Ziwa Tanganyika. Meli ya Graf von Götzen ililetwa vipande vipande kwa reli hiyo, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, walipokuwa wakirudi nyuma katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924 na kuipa jina Liemba mwaka 1927. Kwa msafiri wa kwenda Kongo, Burundi au Zambia, reli ilipoishia ndipo safari ya maji ilipoanzia.

Mpanda

Watu wa Mpanda, mkoani Katavi, nao wana haki kamili na msemo huu. Tawi la Reli ya Kati la kilomita 210 kutoka Kaliua hadi Mpanda lilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi wa kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ulifungwa karibu na mwaka 1960. Reli ya Nachingwea, kusini mwa nchi, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanguka vibaya, iling'olewa. Lakini ya Mpanda ilibaki hata baada ya mgodi kufungwa, ikawabeba abiria na mizigo hata masika, barabara za udongo zilipoharibika. Kwa wakulima wa mpunga wa Kakese, kata ya Manispaa ya Mpanda, mwisho wa reli ni stesheni ya Mpanda, si Kigoma.

Matumizi ya sasa

Msemo husikika sana michezoni. Kwa mfano, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kati ya klabu za soka za Simba na Yanga ilichezwa Kigoma, mwisho wa reli wenyewe, tarehe 25 Julai 2021. Simba ilishinda 1-0.

Mwisho wa reli wa Mpanda nao huenda ukasogea: upo mpango wa kuipeleka reli kutoka Mpanda hadi bandari ya Karema, kwenye Ziwa Tanganyika.