Fuata nyuki, lakini usiisahau nta

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Lakini kwa watu wa Mpanda methali hiyo ni nusu ya habari. Kwa miaka mingi aliyefuata nyuki katika mapori yale alikula asali, akapika wanzuki, kisha akapata fedha kutokana na kitu ambacho wengi wetu hapa mjini hukitema: nta.

Tuanze na ardhi yenyewe. Sehemu kubwa ya Mkoa wa Katavi ni misitu ya miombo. Ndorobo walijaa humo, na malale yakaua watu, hata serikali ya Kiingereza, katika miaka ya 1920 na 1930, ikawahamisha wakazi wengi wa nchi za magharibi na kuwakusanya katika makazi makubwa. Ng'ombe hawakustawi, lakini nyuki walistawi. Mkonongo asiyekuwa na zizi alikuwa na mizinga yake ya magome, imetundikwa mitini mbali na nyumbani.

Sasa fikiri, asali ya porini ungeifikishaje sokoni? Ni nzito, humwagika, na ikiingia maji huchacha. Nta haina matatizo hayo. Masega yaliyokamuliwa huchemshwa kwa maji, huchujwa kwa gunia, huachwa yapoe, na nta huganda juu. Bonge hilo hukaa miaka bila kuharibika. Kwa hiyo mrina asali alikuwa na kiwanda chake mwenyewe: sufuria, gunia na moto. Bonge safi la manjano lilimpa bei nzuri kuliko bonge jeusi lililoungua.

Tangu enzi za Wajerumani nta ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizotoka nchi hii kwenda ng'ambo, ikatengenezwa mishumaa na dawa za kung'arishia viatu na samani. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912. Tawi la kutoka Kaliua hadi Mpanda, kiasi cha kilometa 210, lilikamilika mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mgodi ule ulifungwa mwaka 1960. Risasi ikasahauliwa, nyuki wakaendelea na kazi.

Utauliza, Ulaya hawana nyuki? Wanao. Lakini mfugaji wa kule hukamua asali kwa mashine na kuyarudisha masega mzingani, ndiyo maana nta yake ni kidogo. Tena mizinga yake hutiwa dawa za kuua wadudu wanaoshambulia nyuki, na mabaki ya dawa hujikusanya ndani ya nta. Mrina asali wa miombo hukata sega zima, hupata kiasi cha kilo moja ya nta kwa kila kilo kumi za asali, na mzinga wake haujui dawa. Watengenezaji wa vipodozi wanaitafuta nta ya namna hiyo. Kile tulichokiita ufugaji wa kizamani ndicho mnunuzi anachokilipia.

Wenzetu wa Zambia, kaskazini-magharibi mwa nchi yao, walilitambua hilo mapema. Asali na nta za mizinga ya magome waliziuza Ulaya zikiwa na cheti kwamba hazina kemikali. Kwetu, wafugaji wa Tabora waliunda chama chao cha ushirika mwaka 1962. Wakati huo Mpanda ilikuwa chini ya Tabora. Ikaingia Rukwa mwaka 1974, na Katavi ikawa mkoa mwaka 2012. Ndiyo maana hadi leo mtu wa mjini akisema asali nzuri husema asali ya Tabora. Jina nalo ni mali, na Katavi ilichelewa kulipata lake. Hata hivyo warina asali wa Inyonga waliunda chama chao, na shirika la ADAP lenye asili ya Uswisi likafanya kazi nao. Naye Mheshimiwa Mizengo Pinda, mwana wa huko, alipokuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, aliupigia debe ufugaji nyuki nchi nzima.

Lakini soko hilo ni jepesi kupotea. Asali iliyonuka moshi, au iliyovunwa mbichi, au iliyotiwa katika ndoo chafu, hurudishwa. Nta iliyochanganywa na mafuta hujulikana ikipimwa. Mmoja akidanganya, wote huandikwa waongo.

Liko na kubwa zaidi. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa kuni, na kuni hizo hutoka kwenye miti ileile nyuki wanakopata maua. Mkulima simlaumu, tumbaku ina mnunuzi anayejulikana na mkopo wa pembejeo. Nta ikikosa mnunuzi wa hakika, shoka litashinda. Hata mzinga wa gome, tukumbuke, huua mti mmoja, kwa hiyo mizinga ya mbao nayo ina nafasi yake.

Basi msikilizaji, siku nyingine ukinunua asali, muulize muuzaji imetoka pori gani na nta yake imekwenda wapi. Mti wa miombo utabaki umesimama iwapo aliye chini yake analipwa kwa kuuacha.