Mkoba wa tanga na matanga ya Mundika

Mwezi uliopita nilikwenda Mundika kwa matanga ya jamaa yetu. Mundika ni hapo tu, mwendo mfupi kabla ya kuingia mji wa Busia ukitokea Kisumu. Msomaji aliyewahi kusafiri kwenda Uganda kwa basi amepita hapo, pengine akiwa usingizini. Begani nilikuwa na mkoba nilioununua Lamu, mkoba mpana wa nguo nzito yenye rangi ya chai ya maziwa, una viraka viwili na mshono mnene wa mkono. Nilikusudia kumwachia kukhu, ndivyo tunavyomwita bibi, mzee wa miaka themanini na kitu ambaye ndiye aliyebaki kuwa nguzo ya boma lile.

Mpwa wangu ni fundi cherehani pale sokoni. Hakuniuliza habari za safari. Aliuchukua mkoba, akaupindua ndani nje, akauvutavuta mshono, kisha akasema: "Mjomba, hii ni turubai gani?"

Nikamwambia si turubai. Ni tanga la jahazi. Tanga likichoka, mafundi wa Lamu hulinunua, wakalifua, wakalikata, wakalishona mikoba.

Kukhu alikuwa amekwisha kunyoosha mkono aupokee. Aliposikia neno hilo akaurudisha mkono wake mapajani. "Umeniletea matanga? Kwani haya tuliyo nayo hapa nje hayatoshi?"

Watu walicheka, maana hata msibani watu hucheka. Lakini mpwa wangu hakucheka. Yeye hushona mikoba ya sokoni kwa turubai kuukuu za malori, na alikuwa akitafuta jina la Kiswahili la kuandika kwenye kitambulisho cha bidhaa yake. Nilikuwa nimeshampa jina kwa simu wiki moja kabla: mkoba wa tanga. Sasa akanigeukia. "Umeona? Hiyo jina haiwezi uza. Nani atabeba matanga aende nayo soko?"

Nimefundisha isimu kwa miaka mingi na swali hili nimeulizwa darasani mara nyingi: je, tanga la chombo na matanga ya msiba ni neno moja au ni maneno mawili yaliyokutana tu njiani? Jibu la haraka la mwalimu aliyechoka ni kwamba ni maneno mawili. Mimi mwenyewe nimewahi kulitoa. Siku ile mbele ya kukhu niliona haya kulirudia, kwa sababu historia ya nguo yenyewe inasema vingine.

Tuanze na chombo. Kabla ya matanga ya pamba kuenea katika pwani yetu kulikuwa na mtepe, chombo cha visiwa vya Lamu kilichoungwa kwa kamba za kumbi, hakina msumari hata mmoja. Tanga lake halikuwa nguo. Lilikuwa mkeka, jamvi kubwa la miraba lililosukwa kwa miyaa. Mitepe ilitoweka mwanzoni mwa karne ya 20, na pamoja nayo likasahaulika jambo dogo ambalo kwa mwanaisimu ni kubwa: kwamba tanga, kabla ya kuwa kitambaa, lilikuwa mkeka. Askofu Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, alilijua neno matanga kwa maana zote mbili, mikeka mikubwa ya vyombo na kikao cha maombolezo. Kukaa matanga kulikuwa kukaa siku kadhaa nyumbani kwa mfiwa. Kuondoa matanga kulikuwa kuhitimisha kikao hicho.

Sasa msomaji ajiulize: watu wakija kulala msibani, wanalala juu ya nini? Na kinachoondolewa siku ya kuondoa matanga ni nini? Mimi nashawishika kwamba ni mikeka ile ile, au walau mikeka ya aina ile ile, na kwamba huzuni ilipewa jina la kilichotandikwa. Lugha yetu ina tabia hiyo. Tunasema tuko kwenye baraza tukimaanisha mkutano, ilhali baraza ni pale mahali pa kuketi mbele ya nyumba. (Kitenzi kutanga, na "kutangatanga" kwake ambako kulizaa jina la kambi ya kisiasa hapa Kenya mwaka 2018, nakiacha kando. Kina kesi yake.)

Baadaye mkeka ukaishindwa pamba, na pamba iliyoushinda ilitoka mbali. Mwaka 1833 Seyyid Said wa Unguja na Maskati alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem katika jimbo la Massachusetts, akaja Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake. Meli za Salem zilichukua pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Zilileta nguo nzito ya pamba, isiyotiwa rangi wala kuchujwa weupe, kutoka viwanda vya Massachusetts kama vile vya Lowell. Watu wakaiita merikani, na jina likakaa. Ilikuwa ngumu, haichakai upesi, na mnunuzi wa Afrika Mashariki, ambaye vitabu vya zamani humchora kama mtu wa kupokea chochote anachopewa, aliikataa nguo hafifu na kuidai hiyo. Walijifunga shuka za merikani. Waliitia rangi ikawa kaniki. Walizikiwa sanda za merikani. Na vyombo vikatweka matanga ya merikani.

Hapo ndipo mkeka na nguo vilipobadilishana nafasi bila jina kubadilika.

Katika njia ya kusini, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, merikani ilikuwa fedha hasa. Ushuru wa machifu, chakula cha msafara, mishahara ya wapagazi, vyote vilihesabiwa kwa shuka, doti na jora. Doti tunayo hadi leo dukani tunaponunua kanga. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kiasi cha frasila mbili, kama kilo 32, na nguo zilizofungwa kwa safari ziliitwa mtumba. Ndiyo, mtumba huo huo. Mama anayefungua bunda la nguo kuukuu za Ulaya pale Busia siku ya soko anatamka neno la wapagazi, ila safari hii nguo zimeshavaliwa na wengine.

Njia yetu ya kaskazini ilikuwa na mambo yake. Huku shanga na senyenge zilitakiwa sana, na nguo ilishika taratibu. Mwishoni mwa 1883 Joseph Thomson, Mskoti, alifika Kwa Shiundu, makao ya watawala wa Wanga ambayo sasa tunayaita Mumias, kisha akaendelea mpaka ziwani. Msaidizi wake alikuwa James Martin, baharia mzaliwa wa Malta. Nafurahi kila nikimkumbuka: mtu wa matanga anakanyaga udongo wa Waluhya kwa miguu, amefuatwa na wapagazi wa pwani ambao Kiswahili chao ndicho kilichotangulia Kiswahili chetu. Waswahili walikuwa wameshafika Mumias kabla yake. Wengine walikaa, wakaoa, wakazikwa huko. Katika miaka ya 1890 ikaja barabara ya Mackinnon na Sclater, njia ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Mombasa hadi Busia. Mundika wakati huo ilihesabiwa kuwa Uganda. Ni mwaka 1902 ndipo Waingereza waliposogeza mpaka na kutufanya watu wa upande huu.

Kwa hiyo neno matanga liliweza kufika Mundika kwa miguu. Lilikuja na wapagazi, likaja tena na askari, makarani na walimu, na kila lilipotua lilikuta kifo, ambacho hakihitaji bahari. Tanga lenyewe, lile la kutweka, halikuwa na kazi kwenye mashamba ya mihogo na wimbi. Likaachwa nyuma. Ndiyo maana kijana wa Mundika leo anajua matanga, anajua hata disko matanga ambazo machifu hukimbizana nazo usiku, lakini umoja wa neno hilo haumwambii kitu. Nikitaka kumwonyesha tanga lenyewe humpeleka Port Victoria au Sio Port, ndani ya kaunti yake mwenyewe, ambako nimeona mitumbwi ya wavuvi imetweka matanga yaliyoungwaungwa kwa magunia na plastiki. Huko pia wavuvi wengi sasa hutegemea injini.

Nilimweleza kukhu haya, si yote, na si kwa maneno haya. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Alisema matanga ya siku hizi hayana mkeka, yana turubai. Watu hukodi hema na viti vya plastiki, na wakimaliza kula kila mtu hushika njia yake. Zamani waliokuja walilala. Sikumjibu. Nje, turubai ya buluu ilikuwa imefungwa kwenye mwembe kwa kamba nne, upepo unaijaza na kuiachia, na kama ungeliiona kutoka mbali ungeliapa kuna chombo kimetia nanga katikati ya mihogo.

Mpwa wangu alikuwa na shida iliyo karibu zaidi na tumbo. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, mpaka wa Busia na Malaba umekuwa na biashara mpya ya magendo. Mifuko ile ile inapenya kutoka Uganda, imefichwa ndani ya nguo na chini ya viti vya bodaboda, ijapokuwa sheria inatishia faini ya hadi shilingi milioni nne au kifungo cha hadi miaka minne. Mtu anayeshona mkoba wa kudumu anashindana na mfuko wa bure unaotupwa jioni. Mkoba wake una nguvu. Kinachomkosesha wateja, anaamini, ni kwamba hauna jina. Ukiitwa begi, unafananishwa na begi la plastiki la bei rahisi. Ukiitwa kwa Kiingereza, mama wa soko anahisi haumhusu.

Wenzetu wa Lamu wameivuka shida hiyo kwa kuuza hadithi. Ali Lamu, kwa mfano, wamefanya mikoba na picha kutokana na matanga makuukuu, na alama za chombo, yaani viraka, mishono na madoa ya chumvi, ndizo zinazolipiwa. Mtalii ananunua safari ambazo hakusafiri. Sina ubaya na hilo. Lamu hiyo hiyo ndiyo iliyotupa Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa, lililoshushwa majini mwaka 2018 na ambalo mwaka 2021 lilisafiri katika Ziwa Viktoria, kwa hiyo jambo la Lamu kufika kwetu si geni. Lakini mpwa wangu hana watalii. Ana madereva wa malori, walimu, wauza omena na watu wanaokimbilia ng'ambo kununua maharagwe.

Tulikaa jioni ile, baada ya mazishi, tukapekua Kiswahili. Nilimtajia kitali, nguo nzito ya kushonea matanga, neno lililomo katika kamusi za zamani na ambalo ni ndugu wa kitani. Nilimtajia maradufu, ambalo ni jina jingine la nguo nzito ya aina hiyo, ingawa siku hizi tunalisikia zaidi bei za unga zinapopanda. Hata Waingereza, nikaongeza kwa kujionyesha kidogo, neno lao la nguo hii, kanvasi, lilitokana na jina la Kilatini la mmea ambao huku polisi huwakamatia watu. Hapo kukhu akauliza kama mkoba wangu ni wa bangi, na ikabidi nianze upya.

Mpwa wangu alipima kila neno kama anavyopima kitambaa, kwa kulivuta pande mbili. Maradufu alilikataa mara moja. Mteja ataona bei ni mara mbili. Kitali alilipenda, ila akasema wateja watamwuliza kwa nini ameacha kushonea Kitale. Nilipofika kwenye merikani aliinua kichwa.

"Hiyo inauza," akasema.

Nilipinga. Nilimwambia turubai za malori si merikani, na kwamba mteja atadhani mkoba umetoka Marekani. Alinitazama kwa huruma ambayo wanafunzi wangu wa uzamifu bado hawajaimudu. "Mjomba, si umesema ni jina ya nguo nguvu? Mimi siandiki imetoka wapi. Naandika ni ya aina gani."

Sikuwa na jibu la kitaaluma. Wachuuzi wa Unguja waliliita jina hilo kwa sababu hiyo hiyo, na hata nguo za viwanda vya Bombay zilipoingia kushika soko baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 kukata pamba, wapo walionunua wakitaka "merikani" bila kujali imefumwa na nani.

Nilipoaga asubuhi, mkoba wa Lamu haukuwa mahali nilipouacha. Niliukuta chumbani kwa kukhu, umetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda, ndani yake kadi za hospitali, picha ya marehemu na mkeka mdogo uliokunjwa. Nilimwuliza kama amekubali kukaa na tanga.

"Hilo si tanga," akasema. "Hilo ni turubai ya mwalimu."