Gari Kongwe Si Gari Kuukuu

Gari la mashindano lililoundwa miaka ya 1920 na hadi leo linakimbia, tuliite nini? Wengi husema gari la zamani. Si kosa, ila neno hilo linatuambia tu kwamba gari si la leo. Kuukuu ni hukumu: kitu kimetumika mpaka kimechakaa. Mkweche ni dharau kabisa. La kale linatupeleka makumbusho, kwenye vyungu na magofu, vitu vya kutazama bila kugusa. Mimi nashika kongwe. Mwanamuziki mkongwe ni yule ambaye miaka haikumshusha jukwaani. Neno limebeba umri na uwezo kwa pamoja, nalo ndilo linaloyafaa magari haya.

Nenda Monaco uone. Mbio za magari makongwe zilianza huko mwaka 1997, ukoo wa Grimaldi ulipoadhimisha miaka 700 ya utawala, na sasa kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka miwili, muda mfupi kabla ya zile za Formula One, kwenye barabara zilezile za mji. Bugatti, Maserati na Lotus hazichanganywi ovyo: kila gari hushindana na yaliyoundwa kipindi chake. Kwa makundi hayo Kiswahili kina neno lililokuwa likisubiri kazi, nalo ni rika. Daraja linapanga kwa ubora, rika linapanga kwa umri, na hapa umri ndio kipimo. Wala si maonyesho ya kupita taratibu huku watu wakipiga picha. Mwaka 2021 Jean Alesi, akiendesha Ferrari ya miaka ya 1970, aliguswa na gari la nyuma yake akaishia ukutani.

Zikija kona, ndipo ninapopenda kukawia. Mbio za kwanza za Monaco, Aprili 1929, zilikuwa mizunguko 100 ya zaidi ya kilomita 3 kila mmoja. William Grover-Williams alishinda kwa Bugatti baada ya karibu saa nne. Njia hiyo haikujengwa kwa ajili ya magari ya mashindano, kwa hiyo kona zilipewa majina ya vilivyokuwapo kando yake. Sainte Dévote ni kanisa dogo la mtakatifu mlinzi wa Monaco. Tabac ni kibanda cha tumbaku. Rascasse ni baa yenye jina la samaki mwenye miba, anayepikwa mchuzi pwani ile. Ndivyo Dar es Salaam ilivyopata Mnazi Mmoja: watu walielekezana kwa kilichosimama pale.

Vilivyosimama huondoka. Kona kali kuliko zote iliitwa ya Stesheni, kwa kuwa treni ilisimama hapo. Stesheni ikavunjwa, hoteli ikajengwa, na kona ikafuata jina la hoteli, kisha jina lilipobadilika ikabadilika nayo. Kona ya mwisho ilikuwa Gazomètre, kwa sababu ya matangi ya gesi ya mji. Nayo ilitoweka njia ilipopangwa upya mwaka 1973.

Kwa hiyo anayetangaza mbio hizi kwa Kiswahili asiyatafsiri majina ya kona. Akisema Kona ya Tumbaku, msikilizaji hataipata kwenye ramani yoyote. Aache Tabac, aeleze mara moja kwamba ni kibanda, aendelee. Lakini Bugatti ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia inapopanda kilima kutoka Sainte Dévote, kwangu ni haki kabisa kukumbusha kwamba dereva wa gari la aina hiyo mwaka 1929 alikata kona ya Stesheni, na stesheni ilikuwapo. Jina la hoteli alitaje baada ya hapo, kwa ajili ya rika la magari yaliyoikuta.