Droni iliyookoa watu Ziwa Kivu, na sisi wa Uvira

Mvumo wa droni hapa Uvira haumwachi mtu ametulia. Watoto wanakimbilia ndani, mama anaacha sufuria motoni. Vita ndivyo vilivyotufundisha hivyo. Lakini kuna habari nyingine ya droni katika Kivu, na mvua zikikaribia inafaa tuikumbuke.

Tarehe 3 Desemba 2013, Umoja wa Mataifa ulizindua Goma ndege zake za kwanza zisizo na rubani. Ziliitwa Falco, za kutoka Italia. MONUSCO ilizileta kuchunguza makundi yenye silaha na mipaka. Mei 2014, moja ikiwa katika safari yake ya kawaida juu ya Ziwa Kivu, iliona mashua imepinduka. Waliokuwa wakitazama picha walitoa taarifa, maboti ya injini yakatumwa, na watu zaidi ya kumi wakatolewa majini wakiwa hai.

Mimi nayatazama zaidi yale maboti. Kamera haikumvuta mtu hata mmoja. Kama ukingoni kusingekuwa na boti lenye mafuta na watu tayari, picha ingebaki picha ya watu wanaokufa.

Sasa turudi kwetu. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe na mito mingine ilishuka kutoka milimani na mawe na matope. Makumi ya watu walikufa, karibu 80,000 wakakosa makao, na mitambo ya maji ya REGIDESO ikaharibika. Usiku ule, katika mvua ile, droni ndogo isingeruka. Aliyegonga mlango wa jirani ndiye aliyeokoa. Kazi ya droni ingekuwa asubuhi: kuonyesha njia gani bado inapitika, nyumba zipi zimezungukwa na maji, na mto umehamia wapi, maana mito yetu hubadili njia na ramani ya jana hudanganya.

Dar es Salaam walifanya hivyo kabla ya maafa. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria ulipiga picha kwa droni katika mitaa inayojaa maji. Kisha wanafunzi na wakaaji wakapita kwa miguu wakichora mifereji na kuuliza maji yalifika wapi. Hilo la kuuliza droni haiwezi.

MONUSCO iliondoka Kivu Kusini mwaka 2024. Atakayerusha droni ya msaada hapa kesho, awe serikali au shirika, atangulie kupita kwa mashefu wa kartie na redioni, kwa Kiswahili, aseme ni ya nani, itaruka saa ngapi, na picha zitabaki mikononi mwa nani. La sivyo, watu wa Kavimvira watakimbia mvumo, wakimbilie kulekule mtoni.